Sampuli Iliyopinda

Gari letu lilikuwa juu ya matofali, gurudumu moja la nyuma limevuliwa, na fundi alikuwa akitambaa kutoka chini yake na kipande cha chuma mkononi. Mtaa mzima unamwita Dakika Mbili, kwa sababu kwake kila kazi ni ya dakika mbili. Mara ya mwisho alinirekebishia breki kwa dakika mbili, nikarudi nyumbani kwa miguu.

"Mkono wa nyuma umepasuka, Mama Chiriku," akasema. "Huu ndio unaolishika gurudumu lisitangetange. Lile shimo la jana limeumaliza."

"Kesho asubuhi lazima gari litembee."

"Tukipata spea tu, kuifunga ni dakika mbili."

Sikucheka. Chiriku ni binti yangu, ana miaka sita, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa kuwa hanyamazi hata mdomo ukiwa umejaa chakula. Tangu nyonga yake ichomoke, anaishi ndani ya plasta inayoanzia kifuani na kuishia vifundoni, miguu imetanuliwa, na kijiti kimewekwa katikati ili isisogeleane. Picha ya mwisho ilionyesha nyonga imeanza kutoka tena. Kesho yake daktari bingwa alikuwa anakuja hospitali kubwa kuwapasua watoto wachache, kisha anaondoka, na hakuna aliyejua angerudi lini. Nesi hakuzunguka mbuyu. Alisema mfupa ukiachwa ushike ulivyo, mtoto atachechemea maisha yake yote.

Na mtoto wa namna ile humpakii popote. Asubuhi tulijaribu teksi. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Tukajaribu mlango wa kushoto, tukajaribu wa kulia, Chiriku akitoa maelekezo kama yeye ndiye mwenye gari, na plasta ikagoma kupita. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Pikapu nesi aliikataa kwa sababu ya mtikisiko. Letu ndilo lililofaa: refu, viti vya nyuma vinalala, mtoto anaingizwa kwa mlango wa nyuma kama mkate kwenye tanuri.

Majirani nilishawachosha. Kwa muda wote wa plasta walikuwa wakinisaidia kumbeba, kumgeuza, kukaa naye nikiwa kazini. Inafika mahali aibu inakuziba mdomo, nami nilikuwa nimefika. Baba yake yuko mbali kikazi. Kwenye simu aliniambia nijikaze. Nikakata simu ili nijikaze vizuri.

Nilimwacha Chiriku na mama yangu, nikaenda na Dakika Mbili kwenye mtaa wa spea.

Mtaa ule una utaratibu wake. Hakuna anayekuuliza gari lako ni la aina gani, na ukisema, wanakuona mshamba. Unatoa kile kilichoharibika, wenyewe wanakiita sampuli. Muuzaji anakigeuza, anakipima kwa jicho, anaingia ndani, anatoka na pacha wake. Kama si pacha, unahamia duka la pili. Ndivyo Dakika Mbili alivyofundishwa, na ndivyo aliyemfundisha alivyofundishwa.

Duka la kwanza lilikuwa la kona, lenye mlango wa bluu. Mwenyewe alikuwa baba mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Hakuigusa sampuli. Aliuliza gari gani, nikamtajia, akaenda ndani akarudi na mkono wa chuma ulionyooka kabisa.

Dakika Mbili aliiweka sampuli yetu pembeni yake juu ya meza. Yetu ilikuwa na mkunjo katikati, mpana, mlaini. Ule wa dukani ulikuwa umenyooka kama rula.

"Si yenyewe," fundi akasema.

"Ndiyo yenyewe," yule baba akajibu. "Hiyo yenu imepinda."

"Mzee, kitu kilichopinda kinajulikana. Hii imetengenezwa hivi."

"Mama, gari lako linatumia huu. Chukua, utanishukuru."

Hilo la utanishukuru ndilo lililonichoma. Nimenunua vitu vingi maishani kutoka kwa watu walioniambia nitawashukuru. Nilimwambia anataka kunibambikia bidhaa iliyomlalia dukani. Nikamwita tapeli, tena si kwa sauti ndogo, na wateja wawili waliokuwa mlangoni wakageuka. Yeye alivaa miwani, akanitazama vizuri, kisha akaurudisha mkono ule ndani.

Kutoka hapo tuliambulia patupu duka baada ya duka. Mmoja alikuwa na wa mbele. Mwingine alikuwa na unaofanana, lakini tundu la bolti lilikuwa dogo, akatushauri tulipanue. Wa tatu alisema anao nyumbani, akatuweka kwenye benchi hadi nikagundua kwamba hata hajamtuma mtu. Jua lilikuwa kali, grisi ilikuwa imeingia hadi kwenye mkoba wangu, na mama alikuwa akinipigia simu kila mara.

"Hospitali wamepiga," mama alisema safari moja. "Wanataka kujua kama mtamleta, au nafasi wampe mtoto mwingine."

"Waambie tunamleta."

"Gari limepona?"

"Mama, waambie tunamleta."

Alasiri, kwenye lundo la vyuma vya mtumba nyuma ya kituo cha mafuta, Dakika Mbili alipiga mbinja. Alikuwa ameinua mkono wenye mkunjo uleule, urefu uleule, matundu yaleyale. Aliuweka juu ya sampuli ukalala bila kupishana hata kidogo. Nilitokwa na machozi mbele ya watu wasionijua. Nililipa bila kubishana, jambo ambalo waliowahi kwenda sokoni na mimi hawataamini, na tukarudi gereji karibu tunakimbia.

Dakika Mbili aliingia chini ya gari. Nikasikia spana, kisha nyundo, kisha kimya, kisha nyundo tena kwa hasira. Bolti ya kwanza iliingia. Ya pili haikuingia. Tundu lilikuwa linaangalia kwingine kabisa, na gurudumu lilipowekwa kwa majaribio lilisimama upande kama mguu wa meza mbovu.

"Hebu subiri," akasema, na sauti yake haikunipendeza. Nikaona viatu vyake vikiburuzika kuelekea upande wa pili wa gari, upande uliokuwa mzima. Alikaa kule muda mrefu kwa mtu mwenye jina kama lake.

"Mama Chiriku," akasema akiwa bado chini. "Huu wa huku umenyooka."

Nilipiga magoti kwenye mafuta nikachungulia. Ulikuwa umenyooka kama rula. Ndugu yake alikuwa pale pale, chini ya gari lilelile, tangu asubuhi, na hakuna kati yetu aliyeinama kumtazama. Shimo lilikuwa limeupinda wetu kabla ya kuupasua, taratibu, vizuri, hadi ukaonekana umezaliwa hivyo. Nasi tulikuwa tumezunguka mji mzima na kitu kilichoharibika, tukitafuta kingine kilichoharibika vilevile, na kwa bahati mbaya tukapata kilichotengenezwa hivyo kwa ajili ya gari la aina nyingine.

Dakika Mbili hakuthubutu kuniangalia. Nilitaka kumtukana, lakini jua lilikuwa linashuka. Nilikimbilia mtaa wa spea peke yangu.

Maduka yalikuwa yanafungwa. Yule baba wa mlango wa bluu alikuwa anateremsha wavu wa chuma. Aliponiona akaacha kuushusha, akasubiri, na nilijua anasubiri nini.

"Ule mkono," nikasema. "Nauchukua."

"Umeuzwa."

"Umeuzwa lini?"

"Mlipotoka tu. Walikuwa wawili pale mlangoni, unawakumbuka? Mmoja alikuwa anatafuta huohuo."

"Una mwingine?"

"Sina. Hadi mzigo ujao."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka lake, kwenye vumbi, na gauni langu la kazini, na nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Sikulia kwa ajili ya chuma. Nilimwona Chiriku mkubwa, yuko shuleni, anatembea nyuma ya wenzake wote, na nilijua nitamtazama hivyo hadi nife.

"Mama," yule baba akasema, "chuma hakiliziwi hivi."

Ndipo nilipomwambia. Nilikuwa nimepita maduka yote yale na kwa kila mtu nimesema bolti na tundu na mkunjo, sikumwambia hata mmoja kwamba nina mtoto. Sasa yalitoka yote kwa mkupuo: nyonga, plasta, daktari, teksi iliyoshindwa, mtoto mwingine anayesubiri nafasi yetu. Nikamwambia pia kwamba nilimwita tapeli naye alikuwa anasema kweli, na kwamba anaweza kunicheka akitaka.

Hakunicheka. Alimalizia kuushusha wavu, akafunga kufuli, akajaribu kufuli lile mara mbili kama ilivyo desturi ya wenye maduka. Nikadhani anaondoka.

"Simama, tupite huku nyuma," akasema.

Nilimfuata kwenye uchochoro kando ya duka. Mwisho wake kulikuwa na gari limefunikwa turubai. Alilivuta turubai, na nikaliona gari langu: urefu uleule, taa zilezile, mlango uleule wa nyuma, ila hili lilikuwa limesimama kwenye magurudumu yake manne.

"Unadhani nilijuaje?" akasema. "Nimeubadilisha mwenyewe, huku na huku."

Nilishaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza aniuzie mkono wa gari lake. Nilishapiga hesabu kwamba nikimwita Dakika Mbili sasa hivi, tukiufungua kabla giza halijaingia, tutawahi kuupeleka gereji. Nilikuwa bado natafuta chuma.

Yeye alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Alitoa maboksi ya filta, akatoa jeki, akatoa mpira wa mwanawe, akavilaza viti. Alipangusa sakafu kwa kiganja, akakiangalia kiganja, akapangusa tena. Kisha akavaa miwani yake yenye kamba ya kiatu na kunigeukia.

"Mtoto ana urefu gani?" akauliza. "Na hiyo miguu imetanuka kiasi gani?"

Siku nzima watu walikuwa wameniuliza urefu wa chuma. Nilinyoosha mikono yangu yenye grisi, nikaitanua hadi pale ninapomshika kila asubuhi nikimgeuza, naye akaja na futi kamba akanipima kutoka kiganja hadi kiganja, taratibu, bila kunigusa.