Moto Uliotaka Pa Kushika

Saa nne na robo asubuhi, moto wa mtambo namba mbili ulitoka kwenye chumba chake cha mwako, ukapita korido bila kuunguza hata rangi ya ukuta, ukajibwaga kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwendeshaji. Umeme wa nusu mji ukakatika.

Mwendeshaji, mama mtu mzima ambaye zamu nzima humwita Shangazi, alitazama mita, kisha akautazama moto.

"Umezimika tena?"

"Nimepulizwa!" moto ukajibu, ukihema. "Hewa ya kimbunga, gesi ya kijiko. Nikae wapi, kichwani kwako?"

"Si mimi, mwanangu. Meneja ndiye anayeibana gesi. Anataka cheti cha ubanaji matumizi."

"Basi akawake yeye."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hospitali, na binti yake Shangazi alikuwa mezani akipasuliwa ili mtoto atoke. Jenereta ya pale ilikuwa pambo tangu mwaka juzi. Shangazi akaueleza moto hayo yote, bila machozi, maana muda haukuwepo.

Moto ukajikuna. "Nitarudi nikipata pa kushika. Kwenye upepo ule sisimami hivihivi."

"Shika mkono wangu."

Akafungua kidirisha cha ukaguzi, akaingiza mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Moto ukamkamata kama mtoto anayevushwa barabara. Mtambo ukanguruma, taa zikarudi. Kwa mkono wa kulia, Shangazi akaendelea kujaza daftari la zamu.

Saa tano akaja meneja.

"Glavu ziko wapi?"

"Moto hautaki glavu, bosi. Unasema zinateleza."

Meneja akamwandikia barua ya onyo. Alipoona moto umetulia, akaibana gesi kidogo zaidi. Moto ukakaza vidole.

Saa sita simu ikalia. Shangazi akaibana kwa bega. Kilio cha kichanga kilisikika kabla ya sauti ya muuguzi.

"Wa kike, bibi! Mama yake mzima, anauliza uko wapi."

"Mwambie nimemshika mtu mkono. Nakuja."

Saa nane fundi wa zamu ya pili akaingia, akasoma ubaoni orodha mpya ya washikaji wa moto, akakunja mikono ya shati.

"Moto unapenda mkono upi?"

"Wa kushoto. Na usiuchekeshe, ukicheka unayumba."

Valvu ya gesi ilibaki palepale meneja alipoiacha. Shangazi akanawa masizi, akachukua mkoba, akavuka barabara kwenda kumpakata mjukuu kwa mkono uliokuwa bado na joto.