Mgongo wa Mama wa Kwenye Runinga

Kazi yangu ni kuwa mama bora. Nalipwa kwa kazi hiyo, na mkataba ninao. Kuna kichekesho cha zamani cha runinga kuhusu mama aliyeachika, anayelea watoto wawili waliobalehe jana na leo wanajua kila kitu. Mama huyo ana nywele ambazo hazijawahi kuona mto wa kulalia, na jikoni kwake hakuna sufuria chafu. Yeye anazungumza kwa lugha ya kwao. Mimi namtia sauti ya Kiswahili.

Nasimama kwenye kijichumba kilichobandikwa sponji ukutani, vipokea sauti vikiwa masikioni, macho kwenye midomo yake. Ikifunguka, nasema. Ikifungwa, nanyamaza, hata kama sentensi imebaki njiani. Na kila anapotoa mzaha, tunatulia wote wawili kungoja kicheko cha watu wasioonekana. Kicheko hicho kilirekodiwa zamani, kimeganda kwenye mkanda pamoja na muziki, hakitoki. Ukikiparamia kwa maneno, fundi mitambo anakurudisha mwanzo.

Mimi pia nimeachika, mimi pia ninao wawili. Ungedhani kazi imenipa mafunzo ya bure. Binti yangu tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu alipojua kusema amekuwa akitoa hukumu. Mdogo wake ni Friji, maana hapo ndipo anapoishi.

Jumamosi moja Hakimu alitoka chumbani na begi. Anahamia kwa baba yake. Si kwenda kusalimia; kuhamia. Baba yake, mtu ambaye muda wote wa ndoa yetu aliamini kwamba taulo hujifua zenyewe, alikuwa amemwandalia chumba na kukipaka rangi. Hongera zake.

Nilitaka kumng'ang'ania pale pale kama mtoto mdogo. Sasa sikia nilichosema.

“Basi chukua na sufuria. Baba yako anajua kuchemsha maji tu, na hayo nayo huyaunguza.”

Kisha nikatulia, nyusi zikiwa juu.

“Unaona?” akasema Hakimu. “Unaona ulivyosimama?”

“Nimesimamaje?”

“Unangoja watu wacheke! Kila nikikwambia jambo la maana unatania, halafu unasimama unangoja. Nilipokwambia sina rafiki hata mmoja shule mpya, ulisema nini?”

Nilikumbuka vizuri sana. Nilisema afadhali, hakuna wa kumwomba biskuti.

“Mama, hapa hakuna watu,” akasema. “Ni mimi na Friji tu.”

Friji, mkate umemjaa mdomoni, alitazama dari kana kwamba hajawahi kuiona. Mimi nikatafuta la kusema, nikakosa. Nimezoea kuandikiwa. Hakimu akaichukua kweli ile sufuria, akaitia kwapani, akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza. Mtoto anayebamiza mlango hurudi baadaye kuchukua chaja.

Siku zikapita. Alimpigia mdogo wake, hakunipigia mimi. Nikajitia hamnazo, nikaenda kazini, na huko nikakuta zawadi: kipindi cha siku hiyo, binti wa kwenye runinga anahamia kwa baba yake. Asanteni sana, watunzi. Wenzetu jambo kama hilo wanalimaliza kabla ya tangazo la pili la sabuni. Mama anatakiwa kumwambia binti yake asisahau mswaki, asije akaazima wa baba yake, watu wacheke, muziki upigwe.

Ila anaposema hayo, mama yule anaosha vyombo na ameipa kamera mgongo. Kwetu sisi watia sauti, mgongo ni raha tupu. Midomo haionekani, kwa hiyo humfuati mtu.

“Mgongo huo, dada,” fundi mitambo akaniambia masikioni. “Jinafasi.”

Nikafungua mdomo niseme habari za mswaki.

“Usiende, mwanangu,” nikasema. “Natania kwa sababu naogopa. Sijui kukaa nyumba hii bila wewe.”

Kicheko kikalipuka. Watu wale wangecheka hata kama nyumba ingekuwa inaungua. Walicheka, wakatulia, wakarudia, na mwanamke mmoja kati yao, ambaye hucheka kama anakoroma, akamalizia peke yake kama kawaida yake. Nilisimama katikati ya kicheko hicho, uso umelowa, nikiona aibu mbele ya watu ambao wengi wao pengine wameshakufa.

Fundi mitambo alinitazama kupitia dirisha la kioo. Sasa ataniambia nirudie, nikajua.

“Urefu wa maneno umekaa sawa,” akasema. “Twende mbele.”

Kipindi kilirushwa jioni moja nikimenya viazi. Friji alikuwa mbele ya runinga na bakuli lake. Ghafla akaacha kutafuna, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu aote meno. Akanigeukia. Hata muziki wa mwisho haujaisha, simu yangu ikalia.

“Mama.” Alikuwa Hakimu. “Nimetazama kipindi chako.”

Huyu ndiye aliyewahi kutoa hukumu kwamba kipindi hicho ni cha wazee. Nilikuwa na jibu tayari, tamu kweli kweli. Nikauma ulimi.

“Wale watu wamecheka,” akasema.

“Ndiyo. Huwa wanacheka.”

“Mimi sikucheka.”

Hapo ndipo ninapotulia siku zote. Safari hii sikungoja.

“Rudi nyumbani,” nikasema. “Nakuomba, mwanangu. Na habari ya kukosa marafiki shule, njoo unieleze upya. Nitasikiliza tu.”

Nikasikia akivuta kamasi.

“Sufuria yako,” akasema mwishowe, “baba ameshaiunguza. Alikuwa anachemsha maji.”

Kisha akatulia, akingoja.

Nikacheka, huku nalia, mpaka kiazi kikaniponyoka mkononi.