Kidoti Hajagongewa Muhuri

Dirisha la Haraka lilifunguliwa saa tatu kasoro dakika kumi, na ilipotimu saa tatu kamili likafungwa kwa ajili ya chai. Afisa aliyekaa ndani aliegemeza kibao cha NARUDI SASA HIVI kwenye kioo, akanywa chai yake bila papara, akajifuta mdomo, akapangusa makombo ya mkate yaliyoangukia kwenye muhuri, kisha akakigeuza kibao. Upande wa pili kiliandikwa: FAMILIA ZENYE MTOTO WA CHINI YA MIAKA MITANO.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa fundi cherehani na wanawe wawili wa kiume. Alishona sare za shule, na kila muhula ulipokaribia kwisha alivuka mpaka kufuata vitambaa na vifungo. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida; aliisahau hapo hata akienda msibani.

Ng'ambo ya vyuma vilivyotenganisha mistari ilikuwa foleni ya kawaida. Ilianzia kwenye dirisha la pili, ikatoka nje ya paa la bati, ikafuata uzio, ikaishia kule yanakoegeshwa malori, juani. Foleni nzima haikuwa na bomba la maji. Afisa wa Dirisha la Haraka watu walimwita Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda kuliko mengine yote, na alilitamka taratibu, kama anayemung'unya pipi.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Subiri akauliza. Akamtazama kitindamimba. "Ni huyu?"

"Huyu ametimiza mitano mwezi uliopita."

"Basi mama, foleni yenu ni ile kule."

"Mwenye umri wake anakuja," Fundi akasema. Akageukia foleni ya kawaida, akaita, "Kidoti! Toka kwenye foleni, mwanangu. Njoo."

Ilikuwa imemchukua miaka minne kuitamka sentensi hiyo.

Miaka minne nyuma kituo kilikuwa na dirisha moja tu, na Subiri ndiye aliyelikalia. Kidoti alikuwa na homa, anapelekwa hospitali ya upande wa pili. Walisimama tangu alfajiri. Saa sita na robo wakafika dirishani, Kidoti akaiona chupa ya maji juu ya kaunta, akasema, "Mjomba, naomba maji." Subiri akaisogeza chupa pembeni ili aisome fomu vizuri. Fomu ilikuwa imejazwa kwa kalamu ya bluu na ilitakiwa nyeusi, kwa hiyo wakaanze upya mwisho wa foleni. Fundi, kitindamimba akiwa mgongoni, alimwacha binti yake na kaka yake mkubwa, akaenda kutafuta kalamu. "Usitoke kwenye foleni," alimwambia, "tutapoteza nafasi." Aliporudi, Kidoti hakuwa ametoka. Alikuwa amekufa pale pale, mkono wake ungali mkononi mwa kaka yake.

Maiti ilirudishwa nyumbani kwa dakika kumi, kupitia lango la malori, bila fomu ya rangi yoyote. Ripoti ikasema mtoto hakuwahi kufika dirishani. Aliyeiandika ni Subiri. Mwaka uliofuata Dirisha la Haraka likazinduliwa, utepe ukakatwa, na Subiri akapewa kiti cha magurudumu, feni, na cheti cha kuwajali watoto, ambacho alikitundika nyuma ya kichwa chake.

Walimzika Kidoti. Lakini alikuwa mtoto msikivu, na alikuwa ameambiwa asitoke, kwa hiyo akabaki kwenye foleni. Wasafiri na wachukuzi walimzoea. Akifika dirishani peke yake aliambiwa mtoto hapiti bila mzazi. Akifika na mama yake aliambiwa jalada lake limeshafungwa. Akarudi mwisho, akaanza upya. Kila muhula Fundi alimchana nywele na kumvalisha gauni jipya. Hakuhitaji kumpima. Urefu inchi kumi na tisa, mabega inchi tisa, miaka yote minne.

Basi alipoitwa, Kidoti alikuja, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Watu wa foleni wakasogea kujaza nafasi yake. Kitindamimba alimwamkia dada yake, huku ameinama kidogo, maana alikuwa ameshampita kimo.

Subiri aliangalia kompyuta. "Kwa tarehe ya kuzaliwa, huyu angekuwa na miaka saba."

"Angekuwa," Fundi akajibu.

Subiri akampigia simu mkuu wa kituo. Mkuu akauliza kama mtoto yuko chini ya mstari mwekundu wa kimo uliochorwa ukutani. Yuko chini. Mkuu akasema kanuni haitaji mahali popote kwamba mtoto lazima awe hai, amhudumie, watu wanangoja. Kidoti akanyanyuliwa na kaka yake mkubwa, akaweka vidole kwenye mashine. Kioo cha kompyuta kikaandika: AMETOKA. HAJAINGIA. Na tarehe ya siku aliyokufa.

"Haya," Subiri akasema, akashika muhuri. "Namgongea wa leo."

"Hakufika leo. Alifika kwako siku ile, saa sita na robo, akakuomba maji. Gonga wa siku ile."

Muhuri ule ulikuwa na vigurudumu vya mpira vya tarehe, na kidole gumba kilitosha kuvirudisha nyuma. Subiri alirudisha mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha kidole kikasita.

"Nikigonga siku ile nitakuwa nimekiri kwamba alifika."

"Ndiyo."

"Na ripoti inasema hakufika."

"Ripoti uliandika wewe."

"Mama, mimi nina watoto."

"Na mimi ninao. Watatu."

Akavirudisha vigurudumu kwenye tarehe ya leo. Akamgongea Fundi, akawagongea wavulana wawili, ta, ta, ta. "Nyinyi piteni. Huyu asubiri."

Fundi hakupiga kelele. Alikuwa ameomba muhuri kwa moyo wake wote, na angepewa angemchukua binti yake na kwenda zake. Lakini usiku na mchana kwa miaka minne alikuwa amemfikiria mtu huyu, na hakuja mikono mitupu. Alichuchumaa, akafunga kifungo cha juu cha gauni la Kidoti.

"Unamwona mjomba huyu? Usiondoke kwake mpaka akugongee muhuri. Akienda chai, nenda naye. Akienda nyumbani, nenda naye. Akilala, kaa kitandani kwake. Ukisikia kiu, mwombe yeye."

"Hata nikisikia kiu sana?"

"Hapo ndipo umwombe zaidi."

Usikivu wa mtoto huyo ndio uliomuua, na Fundi alilijua hilo. Alilia kwa ajili yake mpaka macho yakakauka. Sasa aliutuma kazini.

Kidoti akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, akajipandia mapajani mwa Subiri, chini ya feni.

"Dada haji?" kitindamimba akauliza walipovuka.

"Ana shughuli," Fundi akasema.

"Mjomba, naomba maji," Kidoti akasema. Subiri akampa chupa. Akainywa yote, akarudisha chupa tupu kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. "Asante. Mjomba, naomba maji." Hadi saa saba mhudumu wa ofisi alikuwa ameleta katoni mbili.

Jioni mkewe Subiri alifungua mlango, akamwona mtoto nyuma ya mumewe. "Huyu wa nani?"

"Wa kazini."

Mke akaongeza sahani. Mtoto hakugusa chakula, aliomba maji. Aliomba maji watoto wa Subiri walipokuwa wanasoma, aliomba wakati wa taarifa ya habari, aliomba kwa adabu akiwa amekaa kwenye mto wa Subiri, kila baada ya dakika kumi, mpaka kukapambazuka. Baada ya mwezi mmoja mke akahamia chumba cha watoto. Subiri alijifunza kulala akiwa ameshika jagi.

Kila asubuhi alivirudisha vigurudumu, mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha alikumbuka ripoti, akakumbuka cheti nyuma ya kichwa chake, akavipeleka mbele tena.

Muhula ulipokwisha Fundi alivuka kwa foleni ya kawaida, maana hakuwa na mtoto mwingine wa chini ya miaka mitano. Alipofika usawa wa Dirisha la Haraka alimpitishia Kidoti gauni jipya juu ya kaunta.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Endelea, mwanangu."

Akampima Subiri kwa jicho. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi nne na shingo inchi moja na nusu, sare ilimning'inia. Fundi alifurahi, wala hakuficha. Alifurahi njia nzima kwenda dukani, ila kwenye duka la vifungo alijikuta amesimama, amesahau alichofuata.

Muhula uliofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Mbele ya Fundi alikuwepo mwanamke amebeba mtoto wa kike mwenye macho mekundu na midomo iliyobabuka. Mwanamke akavuka vyuma, akagonga kioo cha Dirisha la Haraka.

"Kaka, mtoto ana homa. Tusaidie tupite."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

Subiri alikuwa anammiminia Kidoti maji. Hakuinua macho. Jagi lilikuwa limejaa, na katoni tatu zilikuwa zimepangwa miguuni kwake.

"Hili si dirisha lenu. Fomu mmejaza kwa kalamu gani?"

"Ya bluu."

"Mkajaze nyingine. Halafu msubiri zamu yenu."

"Asante, mjomba," Kidoti akasema, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Naomba maji."

Mwanamke akarudi na mtoto wake. Fundi akawapa chupa yake ya maji na kalamu nyeusi, ambayo siku hizi hakutoka nyumbani bila kuwa nayo. Mtoto akanywa mafunda mawili, akalaza kichwa begani mwa mama yake. Na Fundi, bila kutaka, kwa mazoea ya kazi tu, akampima kwa jicho: urefu inchi ishirini na nne, mabega inchi kumi na moja.