Jiwe la Juu ya Foleni

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kompyuta ya karakana ilionyesha maneno yaleyale iliyoyaonyesha tangu mwanzo wa wiki: imeshindwa kuingia kwenye seva ya barua pepe. Nywila ilikuwa sahihi. Mtandao ulikuwepo. Fundi wa kompyuta alifungua akaunti hiyohiyo kwenye simu yake na ikakubali mara moja.

"Akaunti ni nzima," alisema. "Kampuni ya barua pepe imebadilisha kufuli. Programu yenu haina ufunguo wa kufuli jipya, na walioitengeneza waliachana nayo zamani."

"Fundi, sema kweli," alisema mchongaji, amesimama mlangoni na aproni yake ya mpira. "Umekuja kutibu au kuosha maiti?"

"Shemeji, mwache mtu afanye kazi," alisema mwenye karakana.

Mwenye karakana alikuwa mjane. Mchongaji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Walichonga mawe ya makaburi, na kazi yao ilipita vyumba viwili. Mjane aliketi ofisini, upande wa barabarani, akapokea wateja na kupanga maneno ya kila jiwe kwenye kompyuta mpya. Akimaliza, aliyatuma kwa barua pepe kwenye kompyuta kongwe ya chumba cha nyuma, iliyoungwa kwa waya mnene na mashine ya kuchongea. Matundu ya flashi ya kompyuta hiyo yalikuwa yamekufa yote. Barua pepe ndiyo iliyokuwa mlango pekee uliobaki.

"Si ununue mashine mpya tu, mama?" fundi aliuliza. "Hii hata bibi yangu angeiamkia."

"Aliyeniuzia hii alikuja na mpya. Nilimuuliza kama herufi zitahama. Akasema hazihami."

Fundi hakuelewa. Mchongaji alimpeleka kwenye jiwe lililosimama ukutani likisubiri mwenyewe. Herufi zake hazikuwa za kitabuni. Herufi a ilikuwa na mkia mfupi uliojikunja ndani, na k ilisimama kama mtu aliyeegemea mlango.

"Huu ni mwandiko wa kaka," alisema. "Alichora kila herufi kwa penseli, akaifundisha mashine, mwaka mzima. Zimo humo ndani tu. Kompyuta hii ikienda, mkono wake umekwenda."

Hiyo ndiyo sababu fundi aliitwa. Makaburi yote mapya ya mji ule yalikuwa yameandikwa na mkono mmoja, na mkono huo uliendelea kuandika baada ya mwenyewe kuzikwa. Jambo moja lilibaki. Kaburi lake halikuwa na jiwe. Lilikuwa na ubao wenye rangi nyeupe, na mvua ilikwisha kula nusu ya jina. Mama mkwe alikuwa amelisema hadharani, mbele ya wageni: "Mwanangu ameandika mji mzima, yeye mwenyewe hana hata herufi moja."

Mjane alikuwa na jibu lake. "Siwezi kumwambia ajiandikie."

"Basi aandikwe kwa mkono mwingine," mama mkwe alisema.

"Mkono mwingine haumjui."

Mazungumzo yaliishia hapo kila mara.

Fundi alianza kazi. Programu ya kwanza aliyoijaribu ilikataa kusakinishwa. Ilitaka mfumo mpya zaidi. Ya pili ilikubali, ikachukua muda mrefu kufunguka, kisha ikagonga kufuli lilelile. Mchongaji alipita na ndoo ya maji, akachungulia skrini.

"Bado anapumua?"

"Anapumua."

"Usimchokoze sana. Akizimia hatuna wa kumwamsha."

Ya tatu fundi aliipata kwa watu wanaojitolea kuhudumia mifumo iliyotupwa na wenyewe. Ilikuwa ndogo na ya kijivu, bila picha hata moja, na ilibeba ufunguo wake yenyewe, haikuutegemea mfumo wa kompyuta. Aliweka anwani na nywila, akabonyeza. Ikaingia.

Mjane aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Programu ya zamani ilikuwa inafanyaje barua ikifika?" fundi aliuliza.

"Inatoa kiambatisho yenyewe, inakiweka kwenye folda ya mashine. Kilichotangulia kinakaa juu. Shemeji anachukua cha juu."

Fundi aliipanga hivyohivyo. Barua zilianza kushuka, zote kwa maandishi mazito yanayomaanisha hazijasomwa. Zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Alisogea karibu na skrini, akaona majina, na mbele ya kila jina miaka miwili na kistari katikati.

"Za zamani zinarudi pia," alisema. "Seva ilitunza nakala, na programu hii haijui zipi zilikwisha kusomwa. Hazina madhara. Nitazitenga zikiisha kushuka."

Kwa upande wa programu alikuwa sahihi. Asichokijua kilikuwa desturi ya chumba kile. Marehemu alimfundisha mdogo wake asisome jina kabla ya jiwe kukamilika. Mji ulikuwa mdogo, na mara ya kwanza aliposoma, jina lilikuwa la mwalimu wake. Jiwe likamponyoka, likapasuka. Tangu hapo alitazama ukubwa na kina cha mchoro tu. Kusoma ilikuwa kazi ya ofisini. Mashine nayo ilisaidia: ilichonga chini ya kifuniko, maji yakimwagika, na tope la jiwe lilijaza kila herufi mpaka lioshwe.

Mteja aliingia upande wa barabarani. Mjane akaenda kumhudumia, akaketi, akatuma kazi ya asubuhi ile: jiwe jeusi la fundi cherehani mmoja aliyezikwa mwezi uliopita. Kisha akapaza sauti kupitia ukuta.

"Shemeji! Nimetuma. Imefika?"

Fundi alitazama. "Imefika, mama."

"Anza basi."

Jiwe jeusi lilikuwa limelala mezani tangu jana. Mchongaji alivuta kazi ya juu kwenye foleni, mashine ikayapima maneno kulingana na jiwe, akashusha kifuniko na kufungua maji. Kelele zilijaa chumba. Fundi alitoka uani kupokea simu, akaongea huko muda mrefu. Aliporudi, ncha ya mashine ilikuwa imenyanyuka na mchongaji ameshika mpira wa maji.

Tope la kijivu liliteremka. Mstari wa kwanza ulitokea. Mchongaji aliendelea kuosha kwa muda mfupi, kisha akaelekeza mpira sakafuni na kuuacha ukimwagika.

"Shemeji," aliita, bila kupaza sauti. "Njoo."

Mjane alikuja, kalamu bado mkononi. Juu ya jiwe lilikuwepo jina la mumewe, majina yote matatu, kwa mwandiko wake. Chini yake mwaka wa kuzaliwa, kisha kistari. Baada ya kistari, jiwe lilikuwa tupu.

Fundi ndiye aliyefunga maji.

"Nani katuma hii?" mjane aliuliza.

Fundi aliketi mbele ya skrini. Barua ilikuwa ya kwanza kabisa katika anwani ile, ndiyo maana ilikaa juu ya foleni, na jina la mtumaji lilikuwa lilelile lililokuwa mezani. Mbele yake programu ilikuwa imeandika: mpya.

"Imetoka kwake, mama. Lakini ni ya miaka mingi. Programu haijui."

"Najua haijui."

"Ni jaribio," alisema mchongaji. "Nilikuwepo. Alipomaliza herufi alitaka kuona kama zitapita kutoka ofisini hadi huku. Akasema hawezi kujaribia jina la mtu mwingine, ni kumtabiria mabaya. Akaweka lake. Tulichonga kwenye kipande cha mbao, tukacheka, akakitia motoni." Alifuta uso kwa kiwiko. "Hata leo lazima awe wa kwanza kwenye foleni."

Alicheka peke yake, kidogo.

"Kosa ni langu," fundi alisema. "Ningezitenga kwanza. Jiwe linaweza kusuguliwa?"

"Linaweza," mchongaji alisema. "Litapungua unene, lakini linaweza. Shemeji, nisugue?"

Mjane alichukua kipimo cha kina kutoka ukutani. Alikiingiza kwenye herufi ya kwanza, akasoma, akakiingiza kwenye ya mwisho. Kisha alikiweka pembeni, akapitisha kidole kwenye mkia wa a. Tope lililobaki liliingia chini ya ukucha wake.

"Sikumwambia ajiandikie," alisema.

"Hukumwambia."

"Wala wewe hukujua."

"Ningejua, mkono wangu ungekuwa umelipasua hili jiwe."

Mjane alilitazama lile eneo tupu baada ya kistari. Halafu akamgeukia fundi.

"Zile nyingine zote zitoe kwenye foleni. Ya fundi cherehani iweke chini, tutamtafutia jiwe jingine leo hii." Kwa mchongaji alisema, "Usiliondoe mezani. Usiliguse hata kidogo, lisije likahama mahali pake."

Akarudi ofisini. Kupitia ukuta walisikia kiti kikivutwa, kisha kibodi ikigongwa, ikisita, ikigongwa tena. Fundi alitenga barua za zamani moja baada ya nyingine. Mchongaji alibadilisha ncha, ingawa ile iliyokuwepo ilikuwa bado kali.

Saa sita na dakika tano programu ilionyesha barua moja mpya. Kiambatisho chake hakikuwa na jina. Kilikuwa na mwaka mmoja tu, umepangwa upande wa kulia.

Safari hii mchongaji aliusoma kwanza. Akashusha kifuniko, akafungua maji, na ncha ikagusa jiwe baada ya kistari.