Siku Tume Ilipomhoji Mwendesha Mashtaka

Noëlla Bulonza alishuka kutoka Shabunda kufuata dosiye, faili la kesi ya mume wake, Floribert, aliyeuawa kwa risasi na walinzi wa mgodi wa dhahabu alipokataa kuwaachia shimo lake. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita. Dosiye ilikuwa Bukavu kwa Christophe, mwendesha mashtaka wa makosa ya madini, ambaye sheria ilimpa uhuru wa kutopokea amri ya waziri wala mbunge.

Aliposikia kwamba wabunge wameunda tume ya kumhoji Christophe kwa nini kesi zinalala, Noëlla alimshukuru Mungu. Asubuhi ya kikao aliteremka kutoka mtaa wa Kadutu kwenye mvua, viatu mkononi, akavivaa mlangoni pa ukumbi.

Mwenyekiti wa tume, Adalbert, alikuwa mbunge wa kwao Shabunda. "Keti, maman," alimwambia. "Leo huyu procureur anayeendesha mashtaka atasema kweli."

Christophe aliingia peke yake.

"Dosiye ya Floribert iko wapi?" Adalbert alifoka. "Mwaka muzima! Bibi yake iko hapa, analia."

"Iko kwangu, Honorable. Mwezi wa tatu niliagiza mwenye mugodi akamatwe. Polisi walirudi mikono mitupu."

"Basi wewe ni muzembe."

Christophe aliwageukia wabunge wote. "Siku ile ile nilipigiwa simu. Niliambiwa niache ile dosiye, kama sivyo wataunda tume juu yangu. Nilikataa. Tume yenyewe ndiyo hii."

"Nani alikupigia?" aliuliza Virginie, mbunge aliyekaa mwisho wa meza.

"Ni mwenyekiti wenu."

Adalbert alivua miwani, akaifuta polepole. "Kikao kinaendelea kwa siri. Watu wote watoke."

"Tuandike jibu lake kwanza!" Virginie alisema. Wenzake waliinamia karatasi zao.

Askari alimshika Noëlla kiwiko. "Papa, niache nisikie," alimwomba. "Ni bwana yangu wanazungumuzia." Mlango ulifungwa.

Saa sita Christophe alitoka. Noëlla alimkimbilia kwenye ngazi.

"Papa procureur, sasa inakuwa je?"

Hakumtazama usoni. "Ile simu, ningeisema tangu mwezi wa tatu. Nilijiambia mimi niko huru, sina wa kuripotia. Nikakaa na siri peke yangu, Adalbert na watu wake wakapata nafasi ya kujipanga. Unisamehe, maman."

Noëlla alitaka kumsamehe, lakini alifikiria miezi yote iliyopotea. Alibaki ameshika chuma cha ngazi mpaka gari la Christophe likaondoka.

Wiki mbili baadaye ripoti ilisomwa. Ilisema mwendesha mashtaka ni mzembe na amewadharau wabunge. Habari ya simu haikuwamo. Virginie peke yake alikataa kutia sahihi. Christophe alihamishiwa mkoa wa mbali, na aliyechukua nafasi yake alikuwa mtu aliyependekezwa na Adalbert.

Huko ofisi ya mwendesha mashtaka, karani alimwambia Noëlla kwamba kurasa za ushahidi hazionekani, itabidi aanze upya. Kati ya mashahidi wawili wa mauaji yale, mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa amehamia Kamanyola, na simu yake haikuingia tena.

Noëlla alikaa kwenye benchi, akaanza kusimulia toka mwanzo siku Floribert alipopigwa risasi. Karani aliandika mistari minne, akaangalia saa, akamwambia arudi siku nyingine.