Mistari ya Mafuriko kwa Bibi

Mpima ardhi alisimama sebuleni kwa bibi, hata kiti hakukitaka. "Nyumba zilizokuwepo kabla ukuta wa mto haujajengwa, mwaka sabini na moja, zinabaki. Zilizokuja baadaye, zinavunjwa. Ushahidi wenu?"

"Karatasi zilikwenda na maji," bibi akasema. "Soma ukuta huo nyuma yako."

Akageuka. Ukuta mweupe peee!

Nikatamani ardhi inimeze. Mtaa wetu wa mtoni, kila mafuriko yakiisha, unachora ukutani kwa msumari mstari pale maji yalipoishia, unaandika na mwaka. Kwa bibi ilikuwepo mitano. Na mimi, fundi rangi mwenye kiherehere, juzi nimeiziba yote kwa simenti nyeupe, eti mgeni akute nyumba inapendeza!

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "umetufuta."

Kisigino, fundi viatu jirani, alikuwa dirishani. "Bado bibi yako tu hujampaka!"

Nikadaka kisu cha kukwangulia, nikaanza. Vumbi puu! Chini yake bluu.

"Bluu ya karakana ya mashua," bibi akasema. "Ilipofungwa tukagawana mapipa ya rangi. Mtaa mzima bluu, mpaka vyoo. Walevi walikuwa wanalala kwa wake za watu, wanasingizia rangi!"

Usawa wa kiuno nikapata mstari: sabini na nane.

"Hiyo ni baada ya ukuta wa mto," mpima ardhi akasema, anafunga daftari.

"Panda juu, we!" bibi akafoka. "Kabla ya ukuta maji yalikuwa hayana adabu!"

Nikarukia stuli. Nikakwangua juu ya dirisha. Sitini na tatu!

"Mtu anaweza kuchora hata jana," mpima ardhi akasema.

"Njoo uone mwenyewe, kaka. Bluu imeingia mpaka ndani ya mkwaruzo. Mstari ulitangulia, rangi ikafuata."

Akapanda, akapitisha kucha, akafungua daftari tena. Halafu: "Karakana ilifungwa sitini na nane. Kwenye ramani zetu ipo." Akaandika. "Nyumba hii inabaki."

Bibi akapiga kigelegele mpaka masikio yakaziba. Kisigino alishatoka mbio kwake, anapiga kelele, "Kwangueni! Kwangueni kuta!"

Kuta zao nazo zilishapakwa rangi nyingine juu ya bluu. Mtaa wote ukaanza: visu, vijiko, mifuniko ya sufuria, kwaru-kwaru kila mlango. Nami naitwa huku, navutwa shati kule.

"Hamsini na tisa!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyumba ya tatu. "Fundi, leta huyo mtu wa daftari!"

Nikamshika mpima ardhi mkono, tukakimbia.