Mtu Anayetazama Miguu

Tangu siku ya kwanza Nosim hakumwamini Mikidadi, na sababu yake ilikuwa moja tu: yule mtu hakutazama watu usoni. Alitazama miguu.

Mikidadi alifika Arusha na msafara wa wafanyabiashara kutoka Pangani. Msafara ukaondoka, yeye akabaki. Siku za soko alitandika mkeka wake chini ya ukuta wa boma la Wadachi, ndio Wajerumani, akavaa kofia kuukuu, akaigiza watu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, na ukimwambia ni mchezo alinuna. Akitembea hatua chache kidevu juu, mikono nyuma, kila mtu alimwona shaushi mkubwa wa askari. Akifunga mlango usiokuwapo kwa funguo zisizokuwapo, akaenda, akarudi kuutikisa, akaenda, akarudi tena, Mhindi wa dukani mwenyewe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Watu walimlipa kwa walichokuwa nacho: ndizi, maziwa, ugoro.

Nosim aliuza ndizi karibu na mkeka ule, akaona kitu ambacho wachekaji hawakukiona. Kabla kicheko hakijaanza, Mikidadi alikuwa ameshakaa kimya muda mrefu akiwatazama wapitao, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Mtu anayetazama hivyo anatafuta kitu. Na nyumbani kwa kina Nosim, Sekei, kitu cha kutafutwa kilikuwapo.

Kaka yake, Lemburis, alikuwa kiwete wa uongo.

Boma lilikuwa likikusanya vijana wa kubeba mizigo na kuvunja mawe ya barabara. Baadhi ya vijana wa majirani walikwenda, hawakurudi, na hakuna aliyekuja kusema wamelala wapi. Basi Lemburis alipopelekwa kwenye mawe, na jiwe moja likamgonga goti, alipiga yowe kubwa kuliko maumivu yenyewe, akarudishwa nyumbani akitembelea fimbo. Goti lilipona upesi. Fimbo ikabaki. Mama yao alikuwa haoni tena, na ng'ombe wao hawakuwa na mwangalizi mwingine. Lemburis akichukuliwa, nyumba imekwisha.

Siku moja Lemburis alipita sokoni akichechemea. Mikidadi, aliyekuwa akila ndizi, aliacha kutafuna.

"Dada," akamwambia Nosim, "mguu wa kaka yako unamuuma zaidi asubuhi au jioni?"

"Unamuuma kutwa."

"Soko lililopita ulikuwa unamuuma gotini. Leo maumivu yamepanda nyongani."

"Maumivu hutembea."

"Hutembea, ndiyo," akasema Mikidadi. "Haya ya kaka yako yanatembea kuliko mwenyewe."

Nosim hakucheka. Na mchana uleule Mikidadi akaleta igizo jipya. Alikuwa kijana mvivu, amelala, anapiga miayo, hata nzi hamfukuzi. Mara anasikia sauti ya mzee wake. Anaruka, anatupa kila kitu, anakimbia kwenda kuinamisha kichwa ili mzee amguse utosini, kama inavyompasa kijana wa watu. Sauti ya mzee aliitoa yeye mwenyewe, kwa Kimaa, na Waarusha waliokuwapo walicheka sana, kwa kuwa kila mmoja aliwahi kuruka vile. Shaushi, aliyetoka mbali na nchi hii, ilibidi aelezwe. Alipoelezwa alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaitazama fimbo ya Lemburis, aliyekuwa bado pale, akamwita Mikidadi nyuma ya ukuta.

Walikaa huko muda mrefu. Nosim, akijifanya anapanga ndizi zake, alimwona Mikidadi akiitikia kwa kichwa.

Kesho yake mchana Lemburis alikuwa amekaa migombani akichonga mpini wa jembe, fimbo yake imelala mbali. Sauti ikatoka nyuma ya ua, nzito, yenye mikwaruzo, ikiishia na kikohozi. Ilikuwa sauti ya Mzee Kasaine, kaka mkubwa wa marehemu baba yao.

"Lemburis, uko wapi?"

Lemburis hakuwaza. Alitupa mpini, akakimbia kwa miguu yote miwili, akainamisha kichwa kwenye mwanya wa ua. Mkono ukaja ukamgusa utosini. Ulikuwa mkono wa Mikidadi.

Nosim, aliyekuwa migombani hapohapo, alilitwaa panga la kukatia ndizi.

"Ukinikata," Mikidadi akasema polepole, "shaushi atatafuta mwitaji mwingine, na huyo hatapita hapa kwanza."

"Kwa hiyo amekutuma."

"Amenituma niite hivi siku ya soko, yeye akitazama. Kwanza alimwambia Mzee Kasaine mwenyewe aite, mzee akajifanya kiziwi. Anaigiza vizuri, yule mzee."

"Na wewe ukakubali."

"Ningekataa ningelazwa chini nipigwe viboko hamsa ishirini. Mgongo huu ndio ninaofanyia kazi, dada."

"Basi unataka nini kwetu, Mswahili? Ng'ombe?"

Mikidadi alisita, kama mtu anayeona haya kwa jibu lake. "Kaka yako anachechemea vibaya. Namwona kila soko. Naumia kama mpishi anayemtazama mtu akiunguza mchuzi."

"Hakuna aliyewahi kulalamika," akasema Lemburis, bado akijifuta kichwa.

"Hawalalamiki kwa kuwa hawatazami. Wewe unachechemea ili uonekane. Kiwete hataki kuonekana. Anajitahidi anyooke, mguu ndio unaomsaliti. Haya, simama. Tembea kama mzima, kisha ushindwe."

Walifanya hivyo mpaka jua likainamia upande wa Kisongo. Lemburis alitembea, Mikidadi akamrudisha, akatembea, akamrudisha. "Uso, bwana. Unaniomba huruma. Mimi sijakupa, usiniombe." Nosim hakuliweka panga chini. Aliwaza kwamba mtu anayeweza kuwa yeyote kwa ndizi moja anaweza pia kuwa rafiki kwa ndizi moja. Huenda alikuwa anamfundisha kaka yake alama fulani, ili shaushi aitambue kwa urahisi. Huenda alikuwa anakula huku na huku. Aliligeuza jambo lile pande zote, asipate upande wa kulishikia.

Siku ya soko Lemburis alikaa kando ya ndizi za dada yake. Shaushi alisimama karibu, akijifanya anachagua tumbaku, na kwa kazi ile hakuwa na kipaji. Mikidadi hakuonekana. Alikuwa amejibanza nyuma ya ngozi zilizoanikwa.

Sauti ikaita. Nosim akafumba macho, kisha akayafumbua kwa nguvu.

Lemburis alishtuka kama inavyompasa kijana. Akainuka haraka, mguu ukakataa. Akaukaza uso, akajaribu kutembea kama mzima, akafaulu hatua chache, kisha goti likamwangusha. Hakumtazama mtu. Alijifuta vumbi upesi, kwa aibu, akaitafuta fimbo.

Shaushi alirudisha tumbaku. "Kiwete kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Hapo ndipo Mzee Kasaine, aliyekuwa kwa wauza mbuzi, alipokuja akiitafuta sauti yake mwenyewe. Watu walimpisha. Alizunguka ngozi, akamkuta Mikidadi amechuchumaa. Akamtazama kwa muda. Akamgeukia Lemburis na vumbi lake, akamgeukia shaushi. Kisha akainama, akasema maneno machache kwa Kimaa, akamtemea Mikidadi mate kwenye paji la uso.

Shaushi alicheka mpaka akashika mkanda. "Hayo ndiyo malipo yako leo, mchekeshaji," akasema, akaondoka zake na furaha iliyobaki.

Nosim alikuwa karibu, na maneno ya mzee aliyasikia: Mungu akulinde, ukue, uzae. Mate yale yalikuwa baraka, kama wazee wanavyowatemea watoto wachanga na wasafiri. Ila Mswahili wa Pangani angejuaje? Akautazama mkono wa Mikidadi, akingoja uinuke kujifuta.

Haukuinuka. Mikidadi alikuwa ameufanya uso wa mtu aliyedhalilishwa mbele ya watu, macho chini, midomo ikitetemeka. Waliosimama mbali walimhurumia. Nosim peke yake, aliyesimama karibu, ndiye aliyesikia kilichokuwa katika ile midomo. Ilikuwa ikiitikia kwa sauti ndogo, kama waitikiavyo wanaobarikiwa: "Naai. Naai."

Siku ile alimpelekea kibuyu cha maziwa. Hakumshukuru, naye hakudai shukrani. Alipogeuka kuondoka alihisi macho ya Mikidadi yako kwenye visigino vyake, akatembea vibaya mpaka alipokata kona.

Jioni, nyumbani, mama yao aliita kutoka ndani. Hapakuwa na mgeni, na njia ilikuwa tupu. Lemburis aliinuka, akanyoosha uso, akaanza kwenda. Mguu ulichelewa kidogo tu, kama kitu anachokificha.

"Lemburis," Nosim akasema, "tuko wenyewe."

"Najua," akajibu, akaendelea hivyohivyo hadi mlangoni.

Nosim akabaki akimtazama, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu.